Mita ya Thabit Hamzah

Dodoma
9 Machi 2023

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Goti linakwendaje? Usiniandikie "Alhamdulillah" ukaishia hapo kama barua iliyopita. Nambie kama unasimama katika sala au bado unasalia juu ya kiti. Mimi mwili mzima. Dodoma ni jua na vumbi, na wasichana wangu wa kidato cha tatu wamenipa jina, wananiita Mwalimu Karafuu. Nimekataa wee, kumbe ni kweli nanukia. Ni zile ulizonishonea ndani ya mto.

Ami Moosa kanipigia simu juzi. Najua habari za simu huziamini, ndiyo maana nakuandikia. Anasema vijana wa umeme wanapita nyumba kwa nyumba Kengeja, wanang'oa mita za zamani na kutia hizi mpya zinazojisoma wenyewe. Mama, hizi ni nzuri. Hutakwenda tena dukani kwa Ahmada kununua umeme, ukarudi na kikaratasi cha tarakimu ukae kuzibonyeza moja moja na miwani iliyovunjika mkono. Nitanunua mimi huku kwa simu yangu, umeme utaingia huko wenyewe, na nitaweza kuona umetumika kiasi gani. Friza halitazimika tena barafu zako zikayeyuka.

Lakini liko jambo. Kila mita mpya lazima iandikishwe kwa mtu, kwa kitambulisho chake, na yetu ina jina la baba. Ami kaulizia ofisini. Ama mwenye jina afike mwenyewe Chake Chake, ama, ikiwa amefariki, ipelekwe barua ya sheha wa kijiji yenye saini ya ndugu yake wa damu, jina libadilishwe liwe lako. Mwisho ni Juni. Baada ya hapo mita isiyo na mwenyewe itazimwa.

Sentensi hiyo ya "ikiwa amefariki" nimeiandika na kuifuta, nikaiandika tena. Miaka ishirini na miwili, mama. Nakuomba umruhusu Ami aende kwa sheha.

Nakubusu mikono yote miwili.

Mwanao,
Umkulthum


Kengeja
28 Machi 2023

Mwanangu Umkulthum,

Wa alaykum salaam. Goti: rakaa mbili nasimama, zilizobaki nakaa. Umeridhika? Ramadhani imetuingilia salama. Muhogo upo, ndizi zipo, samaki wa kubahatisha. Mwanawema, jirani yetu, kila magharibi ananiletea bakuli la uji, anasema asipoleta nitamsema. Nami namwambia hata akileta nitamsema, maana uji wake ni maji matupu.

Hao vijana wako wa umeme walifika. Wawili, wamevaa viatu vikubwa kama wanakwenda vitani. Mmoja akaniuliza, "Mama, mwenye nyumba yuko wapi?"

"Kasafiri."

"Atarudi lini?"

"Hakusema."

"Kasafiri tangu lini?"

Nikamuuliza, "Weye umezaliwa mwaka gani?" Akasema tisini na nane. Nikamwambia, "Basi alipoondoka ulikuwa ushaachishwa ziwa." Mwenziwe akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Yeye hakucheka. Akaandika kitu kwenye simu yake, akanambia, "Samahani, mama." Samahani ya nini? Sikumwambia kuwa nimefiwa.

Sasa sikiliza, maana sitaki kulirudia. Baba yako aliondoka Januari ile ya maandamano, wakati watu walipokuwa wakikimbilia Shimoni, upande wa Kenya. Hakuwa mtu wa siasa, alikuwa mtu wa kuogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Alisema atarudi mambo yakitulia. Mambo yakatulia, wenziwe wakarudi, yeye hakurudi. Mmoja akasema walifika pamoja wakapotezana Mombasa. Mmoja akasema chombo chake hakikufika. Halafu zikaanza simu kwa majirani: kaonekana Lamu, kaonekana Mogadishu, anauza vitambaa Muscat. Nilikuwa nakimbia kila nyumba inayoniita, na kila simu ikawa uongo. Ndiyo maana sitaki simu. Maneno ya simu hayana mwenyewe. Maandishi angalau mtu katia jina lake.

Hakuna aliyemwosha. Hakuna aliyemkafini. Hakuna aliyesimama mbele yangu akanambia nimeona kwa macho yangu haya.

Na umewahi kujiuliza kwa nini naenda dukani mwenyewe na goti bovu? Mashine ya Ahmada humtolea jina, naye hulisoma kwa sauti ili vikaratasi visichanganyike: "Umeme wa Thabit Hamzah huu!" Hapa kijijini watu wakilitaja jina hilo hupunguza sauti, wananihurumia. Ahmada hupiga ukelele duka zima likasikia, kama anamtaja mtu aliyemwacha nyumbani anangoja chai. Mie hungoja pembeni mpaka aseme.

Kwa hivyo hapana. Msalimie Mwalimu Karafuu.

Mamako


Dodoma
17 Aprili 2023

Mama yangu,

Assalaam alaykum, na mfungo mwema wa siku zilizobaki. Natumai uji wa Bi Mwanawema umeshikana sasa. Huku nafuturu na walimu wenzangu wawili, mmoja Mkristo anayefunga nasi kwa kupenda tambi zangu tu.

Barua yako nimeisoma mpaka nimeihifadhi. Sikuyajua ya Ahmada. Nimejiona mdogo sana. Lakini mama, nisikilize na mimi.

Wewe unamngoja mtu. Unajua anavyokohoa, unajua alivyokuwa akivua viatu. Mimi nilikuwa sijatimiza miaka mitatu. Sina chochote chake cha kukumbuka. Nina mahali patupu tu, na mahali hapo nimepabeba tangu darasa la kwanza. Kila fomu niliyojaza maishani imeniuliza: baba, hai au amefariki? Shuleni, chuoni, mkopo, kazi. Kila mara naacha wazi, na kila mara kuna mtu nyuma ya meza ananiambia, "Dada, umesahau hapa." Sijasahau. Sijui niandike nini. Kuna wakati nakuonea wivu, mama, kwa sababu wewe una wa kumngoja na mimi nimerithi kungoja bila mtu ndani yake.

Hakuna anayekutaka uamini kuwa kafa. Ni barua ya ofisi. Itaingia kwenye faili, faili litafungwa, taa zitaendelea kuwaka. Karatasi haiui mtu.

Ukikubali, andika neno moja tu.

Idi njema, mama. Ya pili hii naila mbali nawe.

Mwanao,
Umkulthum


Kengeja
2 Mei 2023

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Idi ilikuwa njema. Nilipika mkate wa kumimina, ukaungua chini, tukala juu.

Neno moja uliloliomba ni hilo hilo la mwanzo: hapana. Waje wachukue mita yao. Mimi na wenzangu tumekua kwa kibatari, tumesoma Kurani kwa kibatari, na wewe nilikuzaa kwa kibatari. Friza nitamuuzia mtu.

Kuhusu hizo fomu, nimeumia. Sikujua. Ukija likizo tutakaa nikwambie kila kitu chake, hata usivyovipenda. Lakini usiniombe jambo hili tena kwa barua.

Mamako


Dodoma
22 Mei 2023

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Goti je? Mvua za masika zimekuachia?

Nakuandikia kwa haraka, wasichana wako kwenye mtihani na mimi nasimamia. Nataka tu ulale kwa amani: lile la mita limekwisha. Usiniulize limekwisha vipi. Taa hazitazimwa, friza usiliuze. Umeme wa mwezi huu nimeshaununua, labda umeona kitaa cha kijani kinamulika.

Ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa umekaa kwenye mwanga. Nitakuja Desemba tuzungumze yote uliyoniahidi.

Mwanao akupendaye,
Umkulthum


Kengeja
9 Juni 2023

Umkulthum,

Salamu zako zimefika. Afya yangu leo usiniulize. Soma.

Ijumaa iliyopita, watu walipokuwa wametoka kusali, nilikuwa uani natoa barafu za ukwaju kwenye friza. Nikaona wanawake wanakuja kwa njia ya mbele, wengi, mabuibui matupu, wengine na majamvi kichwani, wawili wameshikana sufuria kubwa la shughuli. Nikajua kuna msiba. Nikatoka mlangoni kwa kuchechemea, nikawaita: "Jamani, kafa nani? Ningojeni nivae buibui twende sote."

Walisimama njiani wote. Mwanawema akatua jamvi, akaja akanishika mikono, na mikono yangu imejaa maji ya barafu. Akanambia, "Bi Jawaher, ingia ndani."

Nikamwambia, "Niingie ndani na watu wana msiba? Mwataka niitwe mtu wa namna gani?"

Hapo akaanza kulia. Wakalia wote, na mie katikati yao bado nauliza kafa nani.

Nilikuwa mtu wa mwisho Kengeja kujua kuwa nimefiwa.

Wakaingia, wakatandika, wakanambia Thabit kasaliwa msikitini. Ningewafukuza? Watu wamekuja na mchele wao, yuko aliyetoka Mkoani kwa gari na mtoto mgongoni. Bi kizee mmoja akanikumbatia akasema, "Pole mwanangu. Pole hii tunayo siku nyingi, tulikuwa hatujui tukupe lini." Akanipa. Nikaipokea. Ningeiweka wapi?

Baada ya laasiri akaja ami yako Moosa. Hakuingia, alisimama kizingitini anatazama vidole vya miguu yake. Nikamuuliza mbele ya wanawake wote.

"Shemegi, ulimwona?"

"Sikumwona."

"Kuna aliyemzika akakwambia?"

"Hakuna."

"Basi leo mmemsalia nani?"

Akasema, "Shemegi, mie nilitia saini tu. Umkulthum kanambia ni karatasi ya umeme, na mama keshachoka tu, kwa moyo wake hakatai. Nikatia saini. Nikarudi nyumbani, nikajiuliza. Nimeandika kwa mkono wangu kuwa ndugu yangu kafa, halafu nimwache bila sala? Hata maiti ya mgeni iliyotupwa ufukweni tunaisalia. Leo nikamwambia Shehe Mmanga. Tumemsalia sala ya ghaibu, msikiti mzima."

Sikuweza kumtukana. Alikuwa analia, mtu mzima, makamasi yanamtoka, na sala ni sala. Hakukosea yeye. Akishakubali kuwa kafa, alilolifanya ndilo linalomlazimu ndugu.

Uliniandikia kuwa karatasi haiui mtu. Labda huko Dodoma. Huku kwetu karatasi ikisema mtu kafa, watu huja na majamvi.

Na lile la kuwa sikatai kwa moyo wangu, ulilipata wapi? Nilikuandikia mara mbili, na jina langu nikatia.

Shehe Mmanga katuma neno: mwanamke akishafikiwa na habari, na watu wameshamsalia mumewe, eda imemwangukia. Nimevua bangili. Nimekaa kizuka kuanzia Ijumaa ile. Usiniandikie, na usije. Ukija sitajua nikutazame kwa jicho gani.

Jawaher binti Ame


Dodoma
24 Juni 2023

Mama,

Assalaam alaykum.

Najua umeniambia nisiandike. Hii ni moja tu, na Bi Mwanawema akipenda asikupe.

Nilimdanganya Ami. Nilijiambia kuwa ni uongo mdogo unaozuia giza kubwa. Nimefundishwa kupima kila kitu kabla ya kukifanya, na hili sikulipima, kwa sababu nilikuwa nalitaka. Wala haikuwa taa tu, mama. Nilitaka mahali pa kuandika "amefariki" niache kuulizwa. Nilikichukua kifo chake kwa haja yangu.

Sikuombi kitu.

Mwanao,
Umkulthum


Dodoma
30 Agosti 2023

Mama,

Assalaam alaykum. Nimestahamili mpaka leo.

Mita yako ndiyo inayoniandikia siku hizi. Simu yangu inanionyesha mstari, ukipanda umewasha kitu, ukishuka umezima. Mwezi wa Juni mwanzoni mstari ulikuwa juu, nikajua ni wageni, taa zote zinawaka. Kisha ukashuka, wageni wameondoka. Nilikuwa naliona friza, linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, kama mtu anayevuta pumzi, na nilipokuwa darasani nilikuwa nachungulia chini ya meza nihakikishe bado linavuta. Julai ikanyamaza. Nikasema ameliuza. Zikabaki taa mbili. Halafu moja. Wiki mbili zilizopita mstari ukalala chini kabisa, haukunyanyuka tena.

Mama, nilidhani umekufa.

Nilimpigia Bi Mwanawema katikati ya kipindi, wasichana wananitazama. Akanambia, "Mzima huyo! Kazima swichi kubwa, kawasha kibatari. Kibatari chenyewe changu na mafuta yangu, basi mie ndiye shirika lake la umeme, na bili hanilipi." Nikacheka na kulia kwa pamoja, na yeye akasema, "Nyamaza, utaniambukiza."

Kila mwezi nanunua umeme. Unaingia ndani ya mita, unakaa humo. Sijui kuacha. Nikiacha, sitakuwa na chochote cha kukufanyia.

Najua eda yako haijaisha. Nitangoja iishe. Sina haki ya kulitumia neno hilo la kungoja mbele yako, lakini sina lingine.

Mwanao,
Umkulthum


Makangale
22 Oktoba 2023

Umkulthum,

Assalaam alaykum. Mie mzima. Goti limepata nafuu kwa kukaa, faida ya eda ndiyo hiyo.

Nimeshatoka. Mwanawema na wenziwe walinikosha, wakanivisha nguo mpya, wakanifukiza udi mpaka nikakohoa, wakanisomea dua, wakanitoa mlangoni. Nami nikasimama pale. Mwanangu, miaka yote hii nikifungua mlango asubuhi, jicho langu hukimbilia ile njia ya kutokea bandarini kabla sijalipa ruhusa. Hata siku nilizokuwa mgonjwa. Hata siku nilizojiapiza kuwa leo sitazami. Siku ile halikwenda. Lilitazama kuku.

Nilikaa kitako pale pale kwenye kizingiti na hiyo nguo mpya, wakadhani goti.

Hujui kuwa nilikuwa nimemkasirikia baba yako. Nilikuwa nimemwekea maneno, mengi, mengine ya matusi, nikiyaongeza kila mwaka. Siku akitokea angelikuwa na kazi ya kuyasikiliza mpaka kuche. Marehemu hagombezwi. Katika eda ilinibidi nimsamehe moja baada ya moja, na kila nililosamehe lilipungua na yeye akapungua. Mwisho nikabaki na mtu mwema sana nisiyemjua.

Na akiwa yuko hai? Sithubutu kuliwaza, lakini naliwaza. Atakuta mkewe kamlilia, kamkalia eda, kammaliza.

Sikukulaani. Nilijaribu zile siku za mwanzo, ulimi ukakataa. Najua ulinitakia mwanga. Barua yako ya Juni Mwanawema alinipa, nimeisoma, na ulilolisema juu yako mwenyewe ni kweli, na kusema kweli ni jambo. Lakini kile kitu kilikuwa mkononi mwangu. Pengine ningelikiachia. Mwaka huu, mwaka ujao, siku moja ningeliamka nikavaa buibui langu nikapanda gari mpaka kwa kadhi Chake, nikasema kwa mdomo wangu, nimechoka, niandikieni. Hilo ndilo ulilonichukulia. Umeme ni kitu kidogo.

Nyumba ile nilikuwa naikalia ili akija akute mtu. Mjane anamkalia nani? Nimekuja kwa mama yako mkubwa Samah, Makangale, huku ndani karibu na msitu wa Ngezi. Nguzo hazijafika. Twalala mapema, twaamka na ndege, yeye anakoroma na mie namsukuma.

Ufunguo uko kwa Mwanawema. Mita ina jina langu na umeme wako. Usinifuate huku. Siku nikiweza kukuona nitakuandikia.

Mamako


Kengeja
16 Desemba 2023

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Natumai kuni za usiku zinakutosha huko msituni, na Mama Mkubwa hajambo, na anakoroma kwa salama.

Nimefika nyumbani Jumanne, shule zimefungwa. Usiogope, sitakuja Makangale. Bi Mwanawema kanipa ufunguo na muhogo uliokwisha kuchemshwa. Swichi kubwa niliiwasha mwenyewe. Taa zote ziliwaka kwa pamoja, hata ya uani, na nilisimama katikati ya chumba kitupu nikazizima moja moja kama mwizi. Umeme uliomo ndani ya mita ni mwingi. Sijui utamtosha nani.

Siku ya pili nilipita madukani. Watu wakaniuliza habari za Dodoma, wakaniambia nimenenepa, wengine nimekonda. Hakuna aliyenipa pole. Si kosa lao. Zilishatolewa zote Juni, na mimi sikuwepo. Nimefika kwenye msiba wa baba yangu majamvi yakiwa yameshaanuliwa.

Nilikwenda kwa Ami Moosa. Nikamwomba anieleze chochote juu ya baba, na yeye akaniambia kuwa baba alikuwa hawezi kupiga mluzi. Alijaribu utotoni mwake wote, ikatoka pumzi tu, wakamcheka. Basi. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kitanda chako, nikamlilia mtu asiyeweza kupiga mluzi. Nililia kwa sauti, mama, kama ulivyolia wewe, nadhani, lakini sikuwa na wa kunishika mikono. Nilipomaliza nilikuwa na baba. Kidogo tu, wa siku moja. Sikujua kuwa hivyo ndivyo anavyopatikana.

Fomu ya shule ya mwaka ujao ninayo hapa kwenye begi. Ile sehemu sijaijaza. Nitaijaza ukiniambia wewe niandike nini.

Leo asubuhi Bi Mwanawema kaja na uji. Bado ni maji matupu. Kanikuta mlangoni.

"Shule inafunguliwa lini?"

Nikamwambia Januari.

"Sasa wakaa hapa peke yako wafanya nini, na mamako yuko Makangale? Gari mbili tu ushafika."

"Kasema nisimfuate. Kasema ataandika."

"Na asipoandika?"

Nilimwambia kuwa nimeomba ruhusa mpaka Februari. Alitaka kusema kitu cha mzaha, nilikiona kinakuja mdomoni. Kisha akanitazama, akaweka bakuli juu ya baraza taratibu, na akapunguza sauti.

"Haya, mwanangu," akasema. "Ngoja."

Mwanao,
Umkulthum